Cheti Kilichomlaza Seremala

Seremala alikwenda hospitali kwa miguu yake, kupasuliwa ngiri. Alimtania mkewe, fundi cherehani, kwamba asije akampangisha mtu upande wake wa kitanda. Hakurudi.

Aliyemchoma sindano ya usingizi alizidisha dawa. Polisi walipochunguza, ilibainika kwamba hakuwahi kusomea kazi ile. Hospitali ilijitetea kwamba cheti chake kilikuwa na muhuri, na chuo kilipoulizwa kilijibu kuwa jina limo. Kweli lilikuwamo. Karani alikula hongo, akalichomeka kwenye kompyuta ya chuo miaka mingi baada ya darasa lile kuhitimu.

Mjane alishona nguo za watu huku macho yamemvimba. Siku moja alimuuliza wifi yake, mwalimu wa kompyuta, jina linawezaje kutiwa kama kiraka na asijue mtu.

"Kumbukumbu zote zilikuwa mahali pamoja, mikononi mwa mtu mmoja," wifi yake alisema.

Akamweleza kwamba upo mfumo uitwao blokcheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu. Chuo kikitoa cheti, alama yake huandikwa kwenye kompyuta za vyuo na hospitali nyingi. Kila kumbukumbu hubeba alama ya iliyotangulia. Ukichezea ya zamani, alama hazilingani tena, na kompyuta nyingine zinakataa.

"Na wakiandika uongo tangu mwanzo?"

"Mashine haijui uongo, wifi. Ndiyo maana watu wawili lazima wathibitishe kwanza. Na majina yao hayafutiki, wala tarehe."

Wakaenda pamoja kwenye kikao cha bodi ya hospitali. Mganga mkuu alilalamika kwamba mfumo huo ni ghali.

"Gharama yake mimi nimeshailipa," mjane alisema.

Mwaka haukwisha kabla hospitali na vyuo havijajiunga na mfumo huo. Punde akaja mwanamume kuomba kazi ileile ya kuchoma sindano ya usingizi, cheti kinang'aa. Alama yake ilitafutwa, haikuonekana popote. Akaaga kwamba anakwenda kupiga simu, akatokomea.

Wifi alipoleta habari hiyo, mjane aliacha kushona.

"Na kama mfumo huu ungekuwapo wakati ule?"

Wifi alitamani kumficha, akashindwa. "Kaka angekuwa hai."

Mjane akasema, basi mume wa mwenzangu atarudi nyumbani. Akainamia cherehani, akalia.