Skrubu Sita Zilizobaki Mfukoni

Harlan Tveit alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule. Kila Jumamosi ya majira ya baridi, yeye na mkewe Lorna walikwenda ziwani kuvua. Barafu ya ziwa letu ikishakuwa nene, watu hutembea juu yake, hutoboa matundu na kutumbukiza ndoano.

Kwa miaka mingi wawili hao walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wameupa upepo migongo. Lorna ndiye aliyevua zaidi.

"Samaki wananipenda," alisema.

"Wanakuonea huruma," alijibu Harlan.

Mwaka mmoja binti yao aliwapa zawadi ya hema la kukunja. Halina sakafu. Unavuta kuta zake, linasimama, unavua ukiwa ndani. Mfukoni mwake mlikuwa na skrubu sita ndefu na kamba.

"Hizi za nini?" aliuliza Lorna walipolifikisha ziwani.

"Za waoga," alisema Harlan. "Mimi nina kilo mia na kumi. Nikikaa humu, hema litakwenda wapi?"

"Funga basi hata mbili, mzee wangu."

"Mama, tunakaa kidogo tu. Nikianza kuhangaika na skrubu, samaki watahama."

Lorna hakubishana tena. Waliwasha hita ya gesi, wakanywa kahawa, wakatoa sangara wanne.

Karibu na saa sita mchana, upepo ulianza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Harlan alichungulia nje. Kijibendera cha mtego wake wa pili, aliouweka kwenye tundu jingine mbali kidogo, kilikuwa kimesimama. Samaki amenasa!

"Narudi sasa hivi," alisema. Akatoka mbio, akauacha mlango wazi. Mlango ule ulielekea upepo.

Alikuwa amepiga hatua ishirini aliposikia ukelele. Aligeuka. Hema lilikuwa limejaa upepo kama puto. Liliinuka upande mmoja, likapinduka, likaanza kubiringika juu ya barafu. Lorna alikuwa bado ndani, ameng'ang'ania fito zake.

Harlan alikimbia, akateleza, akaanguka, akainuka. Bernice Aho, mwenye duka la chambo, alikuwa akivua karibu. Ndiye aliyefika wa kwanza. Alikalia upande mmoja wa hema, akaifunga gesi, akamtoa Lorna. Mkono wa kulia wa Lorna ulikuwa umeungua kwa hita, na kifundo cha mkono huo kimevunjika.

"Kwa nini hukuliachia, dada?" aliuliza Bernice.

"Ni zawadi ya mtoto," alisema Lorna. "Na Harlan analipenda."

Hospitalini Harlan alikaa kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Uliniambia, Lorna."

"Nilikuambia."

Heri angemtukana.

Kidonda kilipona, lakini vidole vitatu vilikataa kukunjika. Harlan alilifungia hema bandani. Majira ya baridi yalipofika tena, hakuligusa. Bernice akaja kumtembelea.

"Kaka Harlan, unalifunga hema jela? Kosa si lake."

"Najua kosa ni la nani."

"Basi jifunze. Twende."

Ziwani Bernice alinyoosha mkono. "Kwanza, upepo unatoka wapi? Mlango usiuelekee. Ukiingia mdomoni mwa hema, umekwisha. Sasa, kabla hujafungua kuta, funga skrubu ya kwanza upande upepo unakotoka. Hiyo ndiyo inayokushikia hema wakati unalisimamisha."

Harlan aliweka ncha ya skrubu kwenye barafu, wima.

"Siyo hivyo! Ilaze kidogo, kichwa kiwe mbali na hema. Kamba ikivuta, skrubu izidi kung'ang'ania. Toboa kitundu kwanza, halafu zungusha mpaka izame yote."

Walifunga pembe nne. Kamba mbili za mwisho walizifunga katikati ya kuta, kwa maana upepo husukuma pale zaidi. Walizikaza mpaka zikalia zilipoguswa. Kisha walirundika theluji juu ya pindo za chini.

"Na matundu ya juu ya hewa?" aliuliza Harlan.

"Hayo yaache wazi daima. Hewa ya hita huua bila kupiga hodi. Upepo ukigeuka, kagua kamba. Ukizidi, zima hita, na skrubu zikilegea mfungashe. Na wakati wa kukunja, skrubu ya upande wa upepo iwe ya mwisho kung'oa."

Jumamosi moja ya Februari, Lorna alikubali kurudi ziwani. Harlan alifunga skrubu zote sita, akazunguka mara mbili kukagua. Upepo ulikuja, mkali kuliko ule wa mwaka jana. Nje, hema la mtu lilipita likibiringika, tupu, na mwenyewe akilifukuza. Harlan alizima hita. Hema lao lilitikisika, kamba zikalia, lakini halikusogea hata inchi.

Ndoano ya Lorna ilivutwa. Alijaribu kuzungusha uzi, vidole vikakataa.

"Zungusha wewe," alisema.

Harlan alizungusha. Sangara mnene akatoka. Upepo ulizidi kupiga kuta.

"Kuzifunga zote kulikuchukua muda gani?" aliuliza Lorna.

"Dakika kumi."

Lorna aliutazama mkono wake. Harlan naye aliutazama.