Bonde Tulilolisafisha

Jamani, maji yanachosha! Mimi Penina nimebeba ndoo kichwani tangu utotoni. Hapa Buganguzi nyumba yetu iko juu ya kilima. Chemchemi iko chini, kwenye bonde letu wenyewe. Zamani nilishuka, nikachota, nikapanda. Nilichoka, lakini maji yalikuwa safi.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu, Mushumbusi, alishika panga. Akakata miti yote bondeni. Akang'oa mafunjo yote yaliyozunguka chemchemi.

"Nasafisha," alisema. "Maji yapate njia."

Kisha akapanda kabichi mpaka ukingoni mwa maji.

Mvua iliponyesha, maji yakawa matope. Mama mkwe wangu, Ma Kokwijuka, akaanza kuharisha. Anapona, anaugua tena. Tulimpeleka zahanati mara tatu. Alikonda, akabaki mifupa. Nikawa nafuata maji mbali, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Mgongo uliniuma. Niliogopa tutamzika mama.

Jirani yetu Hellen ni afisa misitu. Siku moja alinikuta nimekaa njiani, ndoo pembeni.

"Ma Penina, kulikoni?"

"Nimechoka, waitu, ndugu yangu. Maji yameharibika. Na mume wangu alisafisha vizuri kabisa!"

Tulimwita mume wangu, tukashuka bondeni sote watatu. Hellen alitazama, akatikisa kichwa.

"Ta Mushumbusi, vitu ulivyong'oa ndivyo vilivyokuwa vinasafisha maji. Mafunjo huchuja matope. Mizizi ya miti hushika udongo. Sasa mvua inasomba udongo, mbolea na dawa ya kabichi, inamwaga vyote kwenye chemchemi."

"Bonde ni langu. Nimelirithi."

"Ni lako, lakini maji yanapita kwa wengi. Sheria inasema tusilime ndani ya mita sitini kutoka kwenye chemchemi."

"Na kabichi zangu? Zimebakiza wiki mbili tu!"

Hapo hasira ilinipanda.

"Kabichi utapanda tena. Mama yako utampanda wapi?"

Kesho yake alizing'oa mwenyewe, moja moja.

Tulirudisha mafunjo. Tukapanda miti ya asili. Mikaratusi Hellen aliikataa, maana inakunywa maji mengi. Maji ya kunywa tukayachemsha, na mpaka leo tunachemsha.

Nisikudanganye, kazi ilikuwa ngumu. Mvua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, maji bado machafu. Nilikata tamaa mara nyingi. Mvua ya nne ndipo maji yakatulia, yakawa safi. Korongo wamerudi. Vyura nao wanapiga kelele kama wako harusini. Ma Kokwijuka hajakanyaga zahanati mwaka mzima.

Juzi alikuja mkulima mmoja, Buberwa wa kijiji cha Ijumbi.

"Ta Mushumbusi, bonde lako lina unyevu mzuri. Nikodishie nilime nyanya."

Mume wangu alimtazama mama yake, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Mimi nilishalima pale. Nusura nivune msiba."