Tawi Bichi Njia Panda

"Hodi! Kuko mutu humu?"

Mbambu aliacha kupeta maharagwe, akabaki na ungo mkononi. Sauti ya mgeni! Tangu Pasaka hakuna aliyepiga hodi kwenye nyumba ile, hata wa kuuliza njia.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, furushi la vitenge kichwani, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Karibu, mama. Unatoka wapi?"

"Soko ya Kyarumba. Miye naitwa Blandine. Nipe maji kwanza, kisha nitakutukana."

Mbambu alicheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe, kama mtu aliyekanyaga ubao uliolegea ndani ya nyumba yake.

"Unitukane kwa kosa gani?"

Blandine alikunywa kikombe chote bila kupumua, akakirudisha.

"Mbona munafunga njia na nyinyi muko ndani? Pale chini kuko tawi. Nilisimama, nikasema, Blandine, hapa hawataki mutu. Lakini niliona moshi, ukungu nayo iko inakuja. Nikaruka."

"Tawi gani?"

"Unaniuliza miye? Mutoto wa nyumba ni wewe!" Kisha sauti ikapungua. "Dada, nisaidie. Mama yangu anavuka mupaka leo pale Mpondwe, anatoka Beni. Ni muzee, hana simu, hajue mutu Bwera. Na miye ile sehemu ya juu, ile ya vichaka, naiogopa. Ukungu ikishuka pale, hata mukono yako hauione."

"Usiogope. Nitakufikisha Bwera mwenyewe."

"Kweli?"

"Nimesema nitakufikisha. Lakini kwanza nionyeshe hilo tawi."

Nyumba hiyo, ambamo Mbambu aliishi na bibi yake, Bibi Vasta, ilikaa katikati kabisa ya njia ya miguu ya kutoka Kasese kwenda Bwera. Magari yalizunguka huko chini tambarare. Watembea kwa miguu walipanda msitu wa mikaratusi, wakavuka mgongo wa mlima usio na miti, nyasi na vichaka vya kimo cha kiuno na upepo mtupu, kisha wakateremka upande wa pili. Zamani waongozaji kutoka Kasese walileta wageni wa kutembea, wakalala kwa Bibi, wakaamka kwa uji. Kisha, ghafla, hakuna. Mbambu alijiambia kwamba wamekatazwa. Na alijua nani aliyewakataza: mmoja wao.

Pale njia ya Bwera inapoachana na kinjia cha nyumbani, tawi la mkaratusi lilikuwa limelala kukatiza kinjia hicho, bichi, bado linanukia. Blandine alilisukuma kwa kidole cha mguu.

"Angalia chini yake. Hii haiko ya leo tu."

Chini ya tawi bichi kulikuwa na lililonyauka. Chini ya lililonyauka kulikuwa na lililokauka. Na pembeni, kwenye nyasi, rundo zima la matawi yaliyogeuka rangi ya kutu.

Mbambu alichuchumaa.

Huko milimani, anayetangulia hulaza tawi bichi kwenye njia isiyopitwa, na anayefuata akiliona hapiti wala hapigi kelele kuuliza. Mwenye nyumba asiyetaka watu naye hufanya hivyo hivyo. Tawi ni neno la mtu. Mbambu mwenyewe ndiye aliyemfundisha Nuwagaba jambo hilo, wakicheka, siku ambayo alitaka kuingiza wageni wake kwenye shamba la wenyewe.

Nuwagaba alikuwa mwongozaji kutoka Kasese, mtoto wa Mnyankole aliyekuja zamani kufanya kazi ya saruji. Kikonzo chake, lugha ya watu wa milima ile, kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo yeye na Mbambu walizungumza Kiswahili. Alimwita "nyabo", mama mheshimiwa, kama anayemsalimu mke wa waziri. Bibi naye aliahidiwa samaki wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi, wa kukaushwa kwa moshi, mzima na mkia wake, na kila safari Nuwagaba alisahau, na kila safari Bibi alimnunia.

Kabla ya Pasaka Nuwagaba alibaki nyuma kidogo, wageni wake wakiwa wameshaanza kupanda.

"Nyabo, nina jambo la kukuuliza. Jumamosi baada ya Pasaka nitakuja peke yangu."

"Uliza sasa."

"Hapana. Fikiri kwanza, najua unalijua. Kama hutaki kulisikia, nijulishe nisije kuaibika mbele ya Bibi."

Mbambu alimwambia Bibi nani anakuja. Jumamosi hiyo alisuka nywele. Alipika. Alikaa mlangoni mpaka jua likageuka upande wa Kongo. Kilichokuja ni meseji, aliyoikuta kesho yake alipopanda kutafuta mtandao:

"Nimeona jibu lako. Nimelipokea. Sitakusumbua tena."

Jibu gani? Alisoma mpaka macho yakamuuma. Mwishowe kiburi kikamwandikia neno moja: "Sawa." Tangu hapo hakushuka tena njia panda. Maji aliteka upande wa pili, soko aliliendea kwa nyuma, ili asiione njia ambayo hakuna anayeipita.

"Dada," Blandine aliita taratibu. "Ni nani analala na wewe katika nyumba?"

Mbambu alikuwa anamkumbuka Bibi Vasta akitoka kila Jumamosi alfajiri kuokota kuni, na kurudi mikono mitupu.

*

Bibi alikuwa ameketi jikoni, ameupa mlango mgongo.

"Bibi, ni wewe?"

Kikongwe alichokonoa majivu kwa kijiti.

"Bibi, nakuuliza. Yale matawi."

"Shangazi yako aliondoka na mtu wa Kasese," alisema Bibi kwa Kikonzo, sauti ndogo. "Alisema atarudi Krismasi. Mama yako akasema hivyo hivyo. Mimi nimebaki kuongea na kuku."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia nini? Usiolewe? Ungenisikiliza, halafu ungenichukia. Nikaona njia nayo inaweza kusema kwa niaba yangu."

"Umenifanya nimchukie mtu bure."

"Najua."

"Umenisikia nikilia."

"Ukuta ni mwembamba, mwanangu. Nilisikia."

Mbambu alivaa koti. Mlangoni akageuka.

"Nampeleka huyu mama Bwera. Kesho narudi."

Bibi aliinua uso. "Unarudi?"

"Nimesema narudi!"

*

Juu ya mgongo wa mlima kulikuwa na jiwe wanaloliita la mtandao, kwa sababu ni hapo tu simu hushika. Mbambu alipanda, akatafuta jina alilokuwa amelifuta na kuliandika tena. Blandine aliketi chini ya jiwe akijifanya anapanga vitenge.

Simu iliita kwa muda mrefu.

"Hallo?"

"Ni Mbambu."

Nyuma ya Nuwagaba makondakta walikuwa wakiita, Mbarara, Kampala, nafasi moja ya mwisho!

"Nyabo," alisema Nuwagaba. Safari hii hakucheka.

"Tawi sikulilaza mimi."

Honi ililia upande wa pili.

"Ni Bibi. Nimejua leo. Nilikuwa nimesuka nywele, Nuwagaba. Nilikuwa nimepika."

"Sasa mbona ulinijibu 'Sawa'?"

"Nawe mbona hukuvuka?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba halivukwi! Nilisimama pale nikiwa na shati jipya kama mjinga. Nikawaambia na wenzangu wasiingie, nyumba ile haitaki watu."

Mbambu alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Upande wa pili alisikia pumzi ikishuka.

"Sikiliza," alisema Nuwagaba haraka. "Niko kituo cha mabasi. Nimepata kazi hotelini Kampala, naanza kesho. Basi linaondoka alasiri. Shuka sasa hivi, chukua boda pale Kyarumba, utanikuta. Nataka nikuone usoni. Mambo haya kwa simu siyawezi tena."

Mbambu aliangalia mashariki. Njia ilikuwa wazi, jua linamulika mikaratusi. Aliangalia magharibi. Ukungu ulikuwa umeshaanza kutambaa juu ya vichaka, mweupe, bila sauti.

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Nimemwahidi mtu kumfikisha Bwera."

"Nani?"

"Mgeni. Nimemjua asubuhi ya leo."

"Mgeni." Nuwagaba alicheka kicheko kikavu. "Umemjua leo."

"Mama yake anavuka mpaka, mzee, hana simu. Nikimwacha huyu hapa atapotea."

Kondakta aliita tena. Mtu akamwambia Nuwagaba aondoe begi njiani.

"Basi mfikishe, nyabo."

"Nuwagaba..."

"Mfikishe."

Ikakatika. Alipiga tena, haikupokelewa.

Blandine alikuwa amesimama, furushi kichwani.

"Nimesikia. Miye siko kiziwi. Nenda kwa bwana yako, dada. Nitajikaza."

"Utajikaza uende wapi? Unaona njia?"

Blandine aligeuka kuangalia. Njia haikuwepo tena.

"Shika koti langu," alisema Mbambu. "Usiliache."

Walikwenda hivyo, mmoja mbele, mwingine amening'inia nyuma kama mtoto. Vichaka viliwalowanisha mapaja. Blandine aliomba Salamu Maria, akisimama katikati ya sala kuuliza kama wamefika. Mbambu alijibu bado, bado, na kila bado alilifikiria basi likitoka Kasese. Alishukuru ukungu. Katika ukungu mtu hulia bila kuulizwa.

Bwera waliikuta na jua la jioni. Pale mpakani, kando ya wanawake wenye makopo ya mawese, kikongwe mmoja aliketi juu ya begi lake, kuku mmoja mapajani, macho yake yakimtafuta kila apitaye.

"Mama!"

Kikongwe hakusimama. Alimshika Blandine miguu, matope na yote, akaificha sura yake hapo.

Mbambu aligeuka pembeni. Kila mtu pale alikuwa anamsubiri mtu au anasindikizwa na mtu. Alitoa simu. Hakuna meseji.

*

Alilala kwa Blandine, akaondoka asubuhi baada ya chai. Ukungu ulikuwa umeinuka. Mgongo wa mlima ulikuwa wazi pande zote, na uwazi huo ulikuwa mbaya kuliko ukungu, maana aliona mbali, na kote alikoona hapakuwa na mtu. Kwenye jiwe la mtandao hakupanda. Kwa nini apande?

Alipofika njia panda alisimama.

Tawi halikuwepo. Hata rundo halikuwepo. Ardhi ilikuwa imefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana.

Alianza kutembea haraka, kisha akakimbia.

Uani, Nuwagaba alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto, macho mekundu. Bibi Vasta alikaa kwenye kigoda akivunja matawi makavu ya mkaratusi na kumpa moja moja, bila kumtazama.

"Umefika," Bibi alisema kwa Kikonzo. "Mwambie huyu mtu moto haupulizwi kama anayezima mshumaa."

"Anasema nini?" Nuwagaba aliuliza.

"Anasema karibu."

"Muongo. Hiyo sauti naijua."

Mbambu alishindwa kusogea. "Na basi la Kampala je?"

"Liliondoka. Nilikuwa ndani." Alijifuta majivu usoni, akayaeneza zaidi. "Lilisimama pale njia ya Hamukungu, wauza samaki wakaja madirishani. Mmoja akaniinulia samaki mzima na mkia wake. Nikamkumbuka Bibi."

"Umeshuka kwa sababu ya samaki?"

"Wewe uliniacha stendi kwa sababu ya mtu uliyemjua asubuhi. Nilikukasirikia mpaka Kikorongo. Halafu nikajiuliza, mimi bibi huyu nimemwahidi mara ngapi?" Akainamisha kichwa. "Nimelala kwa wavuvi, nikapanda alfajiri."

"Na kazi?"

"Wamepiga simu. Wamempa mwingine."

Alisema kwa wepesi, lakini mkono wake ulizidi kusukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Mbambu alichuchumaa kando yake.

"Lile jambo la kuniuliza. Uliza."

"Mbele ya Bibi?"

"Mbele yake. Yeye ndiye aliyelijibu mara ya kwanza."

Nuwagaba aliziacha kuni.

"Nilitaka kuuliza kama nyumba hii ina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Njia inapita hapa, wageni wanalala hapa. Nikasema, kwa nini mwongozaji akae Kasese?"

"Wewe uje kukaa kwetu?"

"Baba atasema nimeolewa. Acha aseme."

Mbambu alimtafsiria Bibi neno kwa neno. Mikono ya kikongwe ilisimama katikati ya tawi.

"Alikuwa anakuja kukaa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nami nilikuwa namfungia."

"Ndiyo."

Bibi aliinama, akachukua tawi la mwisho, lile la jana, ambalo majani yake yalikuwa bado mabichi. Akampa Mbambu. Mbambu alilisukuma lote kwenye moto. Likatoa moshi mzito wa kuwasha, wakakohoa wote watatu.

"Nafasi ipo," alisema Mbambu katikati ya kikohozi.

Samaki wa Hamukungu alikuwa amechelewa tangu kabla ya Pasaka, na mkia wake ulikuwa umevunjikia njiani. Bibi Vasta aliuona, akanuna kidogo kwa heshima ya siku za nyuma. Kisha akamla mpaka kwenye mifupa.