Nyumba Iliyokatwa kwa Msumeno

Kila jioni Seremala alifagia vumbi la mbao mezani, akaweka hapo nyumba ndogo. Ilikuwa mfano wa nyumba aliyotaka kuwajengea wanawe, na aliitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kazini. Ilikuwa na sebule, jiko, choo cha ndani na vyumba vya kulala. Paa lake lilifunguka kama kifuniko cha sanduku. Watoto wake pacha waligombania chumba chenye dirisha kubwa, na mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyewaamua.

Mama mzazi wa Seremala aliishi nao. Wote nyumbani walimwita Bibi. Macho yake yalikuwa yamefifia, na magoti yalikuwa hayamtii tena. Mlango wa nyumba waliyopanga ulikuwa na ngazi mbovu, kwa hiyo hakutoka nje bila kushikwa mkono. Siku moja aliipapasa ile nyumba ndogo, ukuta hadi ukuta.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Sasa mimi nitapitia wapi?"

"Mlangoni, mama. Chumba chako ni hiki cha nyuma. Hakina kelele."

"Nauliza kutoka barabarani."

Seremala alicheka. "Usijali. Nitakubeba mgongoni kama ulivyonibeba mimi."

Bibi hakucheka. Alikuwa amechoka kubebwa.

Kiwanja chao kilikuwa mlimani. Barabara ilipita upande wa juu, kisha ardhi ikateremka kuelekea bondeni. Kwa Seremala, dawa ilikuwa moja tu: kukata kilima mpaka kiwe sawa. Mtu aliyezoea kupiga randa hawezi kuona kitu kimeinama akakiacha. Alichimba chini ya barabara, na udongo akaumwaga upande wa bondeni. Nyuma, upande wa barabara, kukabaki ukingo wa udongo mtupu, mrefu kumpita yeye. Chini ya ukingo huo akapigilia vigingi vya chumba cha mama yake.

Jirani yao mmoja alikuwa mchora ramani za nyumba. Watu walimwita Dada Futi, maana futi yake ya kupimia haikubanduka kiunoni. Alisimama barabarani akatazama.

"Kaka, mvua ikinyesha, maji yatapitia wapi?"

"Nitaweka gata," Seremala alijibu bila kuinua kichwa.

"Gata ni ya maji ya bati. Mimi nauliza maji ya kilima."

"Dada, nimeezeka nyumba nyingi kuliko ulizochora. Niache nifanye kazi."

Dada Futi akaondoka zake.

Wiki ile mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika, familia yote ilikwenda kuangalia. Bibi alisimama barabarani, mikono yake imeshikwa na wajukuu. Seremala na mkewe walishuka. Ukingo ulikuwa umeporomoka, na udongo umefunika vigingi vyote vya chumba cha Bibi. Upande wa bondeni, kifusi kilikuwa kimepasuka na kuzama.

"Angekuwa amelala humu," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo.

Seremala alichukua koleo akaanza kufukua, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kuokoa. Aliogopa, na aliona haya.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi aliuliza kutoka juu.

"Mama, udongo umeangukia chumba chako."

"Nenda kwa yule dada mchora ramani," Bibi alisema. "Nenda leo."

Dada Futi alikuja bila kinyongo. Aliisukuma nyumba ndogo ukingoni mwa meza, kisha akainyanyua meza upande mmoja. Nyumba iliteleza, Mama Pacha akaidaka.

"Kaka, uliiunda mezani," Dada Futi alisema. "Kiwanja chako si meza, na kilima hakipigwi randa. Usikate kilima, kata nyumba. Msumeno uko wapi?"

Seremala aliitazama kazi yake kwa muda. Kisha akaikata katikati, mwenyewe.

"Nusu hii ikae juu, usawa wa barabara," Dada Futi alieleza. "Sebule, choo na chumba cha Bibi viwe hapo. Ataingia bila kupanda wala kushuka. Nusu ya pili ikae chini kidogo, na ngazi fupi ndani. Pacha ndio wenye magoti, walale huko."

"Na maji?" Mama Pacha aliuliza.

"Kati ya barabara na nyumba, chimbeni mtaro wa kuyapeleka pembeni, na mbele ya mlango mlaze juu yake kivuko cha usawa. Pale mlipokata kilima, ukuta wa kuzuia udongo uwe wa mawe. Nyuma yake jazeni kokoto, na mpitishe mabomba ya kutolea maji. Maji yakijaa nyuma ya ukuta, yatausukuma mpaka uanguke. Msingi ushuke kwa vidato, kama ngazi, ukae kwenye ardhi ngumu ya asili, si kwenye kifusi. Ukingo uliobaki pandeni majani yenye mizizi mingi. Lakini msichimbe tena kabla mhandisi hajapima udongo na ramani haijapitishwa."

Wakafanya hivyo. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko walivyotaka. Seremala alilainisha kishikio kirefu cha mbao, akakifunga ukutani kutoka mlangoni hadi chumba cha mama yake.

Walipokwisha kuhamia, mvua kubwa ya kwanza ikaja mchana. Seremala alisimama mlangoni akiangalia. Maji yalijaa mtaroni, yakazunguka nyumba, yakashuka bondeni. Kule chini, mabomba ya ukuta wa mawe yalitoa maji taratibu.

Nyuma yake alisikia fimbo ikigonga sakafu. Alitaka kukimbia amshike mama yake, akajizuia. Bibi alikuja polepole, mkono kwenye kishikio, mpaka akafika mlangoni. Akasikiliza.

"Yanapita," alisema.

"Yanapita, mama."

Seremala akasogea pembeni. Bibi akatoka peke yake hadi barazani, akanyoosha mkono nje ya paa, akauacha ulowe.