Nyuma ya Kiti cha Mteja

Hamjambo mliokaa, hamjambo mlioegemea ukuta. Naomba kimya. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Na wewe uliyekipa kioo mgongo, sogea kidogo, sababu utaisikia.

Palikuwa na mwanamke mmoja, kazi yake kuchonga picha kwenye ubao na kuzichapa kwa wino. Watu walimwita Fundi. Aliishi na mama yake, bibi mwenye ulimi wa wembe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi hata kiganja chake hakukiona. Sebule ndiyo ilikuwa karakana: meza, patasi, kamba ya kuanikia karatasi. Mwezi ule kazi zilimiminika. Alimchapia daktari wa meno watoto wanaocheka. Alimchapia mwenye duka la kuku jogoo aliyevimba kifua, na yule bwana akasema huyu ndiye jogoo bora aliyepata kumfuga, maana anapendeza na hamalizi mahindi.

"Picha ni kama mgeni," Fundi alipenda kusema. "Usipomtazama usoni, hajaingia ndani."

Sasa, ubao una tabia moja. Ukimchonga mtu mwenye kovu shavu la kulia, karatasi inakutolea kovu kushoto. Kwa hiyo Fundi alimkalisha mteja mbele ya kioo kirefu, yeye akakaa pembeni, akachonga kile alichokiona kwenye kioo. Kioo kinageuza, ubao unageuza tena, mtu anatoka kama alivyo.

Asubuhi moja akabisha hodi mteja mpya, bwana wa sauti ya chini, mabega yameanguka kama aliyebeba gunia. Bibi, kwenye kiti chake cha pembeni, akainua kichwa.

"Na mwenzake mpe kiti, mwanangu. Anahema."

"Ni mtu mmoja, Mama."

"Basi ana mapafu manne."

Mteja hakucheka. Alikaa, akainamisha macho sakafuni.

"Tazama mbele, kaka."

"Wewe chonga tu," alisema. "Chonga chote unachokiona. Usiache kitu."

Fundi akishika patasi husahau hata njaa. Jicho kwenye kioo, mkono kwenye ubao, mawazo huko kwingine. Jua lilipoanza kushuka akapaka wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua.

Mteja alikuwa amekaa vile vile. Nyuma ya kiti chake alisimama mwanamke mrefu, shingo imeinama, vidole vimemzama begani. Kila unywele ulikuwa umechongwa. Umechongwa kwa mkono wa Fundi mwenyewe, na maganda ya mbao yalikuwa bado mapajani pake.

Fundi aligeuka kutazama nyuma ya kiti. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, kama nywele zilizoungua.

"Huyu nani?" alinong'ona.

Yule bwana aliinuka, na mabega yake yakainuka naye. Machozi yalimtoka huku akicheka.

"Wachoraji wote niliowaendea walinitazama mimi. Hakuna aliyenitazama kwenye kioo."

"Nimekuuliza, huyu nani?"

"Ni jini, dada. Hukaa na wa mwisho kumwona. Mimi nilimwona kwenye kioo nikinyoa ndevu. Sasa umemwona wewe." Akashika kitasa. "Nisamehe. Nina watoto."

Akaondoka, picha hakuichukua.

Fundi alifunika kioo kwa shuka, akaigeuza karatasi ukutani. Siku ya pili mchana alikuwa jikoni anaosha vyombo, akamsikia mama yake sebuleni.

"Leo unanichana vizuri. Lakini mikono yako baridi, kama umeshika samaki."

Fundi alisimama na sahani mkononi.

"Mama, mimi niko jikoni."

Bibi akasema polepole, "Basi njoo, mwanangu. Usikimbie. Bado amezishika."

Fundi akaja kwa vidole vya miguu, huku harufu ile ya nywele zilizoungua ikimjaa puani mpaka kooni, akachungulia mlangoni, akaona mvi za mama yake zimevutwa juu, zimesimama hewani bila mkono, zimekaza hata ngozi ya paji la uso inainuka, na kitana kinapita katikati yake, chini, juu, chini, bila haraka, kama kinachotaka mtu atazame.

Mganga aliitwa. Alikuwa mama mnene asiyependa mzaha. Picha aliipa mgongo, hakuiangalia.

"Ulimtia kwa mkono wako, mtoe kwa mkono wako. Mchimbe kwenye ubao, asibaki hata ukucha."

Fundi alichimba. Alichimba uso, nywele, vidole, akilia, patasi ikimkata naye asijali. Kidogo kidogo mvi za Bibi zikalala. Harufu ikaisha. Mganga akafunga mkoba wake na kwenda zake.

"Amekwenda?" Bibi aliuliza.

"Ngoja nihakikishe, Mama."

Akapaka wino, akalaza karatasi, akasugua. Na hofu, jamani, humsahaulisha mtu hata kazi yake. Kitu ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza anakijua, Fundi alikikumbuka pale anabandua: palipochimbwa hapashiki wino. Kwingine kote kulishika wino, na nyuma ya kiti alisimama mwanamke mweupe, mweupe mtupu, hana macho wala mdomo, amebaki umbo tu, anang'aa kuliko kitu chochote kwenye karatasi ile.

Nyuma ya Fundi, kiti cha Bibi kikalia.

"Mwanangu," alisema Bibi, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto. "Naona."

Karatasi ilimdondoka Fundi.

"Unaniona, Mama?"

Bibi alipepesa yale macho ya ukungu, akayapeleka huku na huku, akayatuliza juu ya bega la binti yake.

"Wewe sikuoni," alisema. "Namwona huyu mweupe tu. Mbona anakuacha, anakuja kwangu?"

Haya, mimi nanyanyuka, njia yangu ndefu. Kurudi nitarudi. Ila siku hiyo nitasimama kwanza nje ya mlango niulize mko wangapi, na mnijibu vizuri, ndipo niingie.