Chungwa la Hekaluni

Kila Jumamosi Otilia huosha vyombo, humuaga mama yake, kisha hushuka kwa lifti kwenda darasa la Kiswahili la Mwalimu Silvanus. Jumamosi moja hapakuwa na darasa. Mwalimu aliwapakia wanafunzi wake garini, wakatoka mtaani kwao St. James Town, huko ughaibuni, kwenda kutazama wanyama na kuzuru mahekalu ya Wabudha.

Kando ya ziwa waliona bata bukini, na bondeni wakamwona kulungu akinywa maji. Hekalu la kwanza walilitazama kwa makini. Walipofika la pili, matumbo yalikuwa yakinguruma.

Mbele ya sanamu ya Budha palikuwa na sahani ya machungwa. Kanisani kwao Marangu, kabla hawajahamia ughaibuni, matunda ya sadaka hayakuachwa yaoze. Ibada ikiisha, watu waliondoka nayo. "Na hapa ibada si imekwisha?" Otilia alijiambia. Njaa nayo hujua kujitetea. Alichukua moja, akalila nyuma ya mlango.

Mtawa mzee aliyewapokea aliona pengo kwenye sahani. "Nani amechukua chungwa?" aliuliza kwa upole.

Otilia aliingiwa na hofu. "Kindi," alijibu upesi. "Nimemwona akiingia."

Kindi kweli alikuwepo uani, akila karanga alizotupiwa na mtawa. Mtawa alimtazama kwa huzuni.

"Nimemlisha tangu akiwa mdogo," alisema. "Lakini kama ameanza kuingia ndani, itabidi ategwe, apelekwe mbali."

Akafunga mlango. Kindi akabaki nje, amesimama kwa miguu miwili, akingoja.

Wenzake walipoanza kuvaa viatu, Otilia alikaa na kiatu mkononi. Aliona aibu, na alimhurumia yule kindi.

"Mwalimu, chungwa nimelila mimi."

Mwalimu hakufoka. "Kamwambie mwenye nyumba."

Otilia alirudi ndani na soksi tu miguuni, akaeleza yote, hata habari za Marangu. Mtawa akacheka.

"Hata sisi huyala jioni. Ungeniomba, ningekupa mawili."

Akafungua mlango, kindi akatupiwa karanga. Otilia akashusha pumzi. Nusura alie kwa furaha. Alitoka na machungwa ya kuwatosha wote.

"Kutojua desturi za watu si kosa," Mwalimu alisema garini, "na kuuliza si ujinga. Kosa ni kumtwika mwingine mzigo wako."

"Hata kindi?" aliuliza mwanafunzi mwenzake Shadrack, mdomo umejaa chungwa.

"Hasa kindi. Yeye angejitetea vipi?"