Msiiache Ndege

Injini ya kushoto ilikohoa mara mbili, ikazima. Ya kulia ilijikaza kisabuni kwa dakika nne, kisha nayo ikachoka. Chini hapakuwa na mti wala njia, jangwa tu. Kapteni alipiga ukelele mmoja, "Jishike!", akailaza ndege kwa tumbo. Iliserereka mchangani, ikaacha bawa moja nyuma, ikasimama.

Fundi wa mabomu alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Kapteni ilibidi avutwe kupitia dirishani, mguu wake wa kulia umevunjika chini ya goti. Maji yalikuwa yamebaki kama lita tatu. Redio ndiyo iliyosalimika, na aliyeitika upande wa pili alikuwa kamanda wa kikosi mwenyewe, mume wa dada yake Fundi. Machozi ya furaha yalimtoka Fundi.

"Shemeji! Tuko hai wote wawili. Kapteni kaumia mguu."

"Mtambo je?"

"Huu mpya wa kulengea? Mzima, shemeji! Nimeukagua mwenyewe, hauna hata mkwaruzo."

"Una hakika?" Kamanda aliuliza.

"Kama ulivyotoka kiwandani."

"Vizuri. Msiiache ndege. Kesho asubuhi mtafuatwa."

Mtambo ule ulikuwa siri ya siri, na Fundi alipandishwa ndegeni kwa ajili ya kuulinda tu. Alijisikia mwanamume kweli kweli. Usiku huo alilala fofofo, maskini, mtu aliyeahidiwa na shemeji yake.

Asubuhi alisikia mngurumo akaruka juu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifunga mabomu matumboni mwa ndege za kikosi, na alizijua kama mtu anavyojua nyayo za watu wa nyumbani kwake. "Yetu hiyo!" Alivua shati akakimbilia mahali peupe, akawa anapunga. Ndege ilizunguka mara moja, ikaenda mbali, ikageuka.

Kapteni, aliyelala kivulini, aliacha kutabasamu. "Fundi, anayekuja kuokoa hushuka. Huyu anapanda."

"Anatafuta pa kutua."

"Anajipanga kupiga! Nivute, Fundi! Nivute!"

Ndipo Fundi alipoona tumbo la ndege likifunguka. Alimkamata mwenzake kwapani, akamburuta hadi kwenye korongo kavu, hatua arobaini, Kapteni akilia kwa maumivu njia nzima. Ardhi iliwarusha. Kule ofisini huandikwa "lengo limepigwa", basi, faili linafungwa. Hakuna anayeandika kwamba meno hugongana yenyewe, kwamba mchanga huingia hadi kooni, na kwamba mtu mzima mwenye ndevu zake huchimba ardhi kwa kucha akimwita mama. Mabomu yalikuwa matatu. Fundi aliyafahamu kwa namna yalivyochelewa kulipuka baada ya kugonga chini. Fyuzi zake za kulipulia alizitega yeye, wiki iliyopita.

Alipoinua kichwa, ndege yao ilikuwa vipande vinavyowaka na mbingu ilikuwa tupu.

"Wamekosea," alisema. "Wametudhania adui."

"Ndege ina rangi zetu, na wewe unapunga shati?" Kapteni alitema mchanga. "Hawakutaka mtambo uangukie mikononi mwa adui. Ungesema umevunjika, leo tungekuwa tunakunywa chai."

"Shemeji hawezi. Watoto wake wananiita mjomba! Labda amri imetoka juu, hata hajaambiwa."

"Basi ukifika, muulize."

Walipokuwa bado angani, Kapteni alikuwa ameona weupe upande wa mashariki, huenda ni mabwawa ya chumvi. Fundi aliufunga mguu uliovunjika kwa kipande cha bati na mikanda ya viti vilivyorushwa mbali na moto, akamlaza mwenzake juu ya mlango wa ndege uliong'oka, akauvuta kwa kamba. Chupa ya maji Kapteni alikuwa ameivaa begani; waligawana kwa mfuniko wake. Siku ya pili mchana yaliisha, na ulimi wa Fundi ukawa mzito kama kipande cha mbao.

"Niache hapa," Kapteni alinong'ona.

"Nyamaza. Nina swali la kupeleka."

Waliokotwa siku ya tatu na wachimba chumvi. Mama mmoja aliyeshika sepeto alizitazama nguo zao kwa muda mrefu. "Sare hizi tunazijua," alisema. "Zimetupiga mara mbili. Mwanangu yuko chini ya bwawa lile." Kisha akainama, akamtilia Fundi maji mdomoni. "Polepole, utatapika." Fundi alitaka kusema kwamba wao waliambiwa hapo ni maghala ya mafuta. Aliona aibu, akanywa.

Katika zahanati ya wachimba chumvi, Kapteni alisimulia kila kitu huku muuguzi akimfunga plasta, na watu wakajaa hadi mlangoni, yule mama mwenye sepeto akiwa mbele. Fundi aliomba simu. Dada yake alipoisikia sauti yake alipiga yowe.

"Kaka? Sisi tuko msibani kwako! Baba watoto, njoo! Kaka yu hai!"

Nyayo zilisogea, simu ikabadilisha mikono. Fundi aliisikia pumzi anayoijua, na swali alilolivuta jangwani akaliweka kando. Alitamani jambo moja tu: mtu huyu alie, au amshukuru Mungu, au hata aseme "pole". Angemsamehe papo hapo, chochote alichofanya.

"Umeongea na nani?" shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua, chumba kizima kilikuwa kinamtazama.

"Na wote," alijibu, akampa simu yule mama mwenye sepeto.